Anza na Adili

Kwa aliyeuliza riwaya ipi ya maajabu na safari ilimfanya mtu apende kusoma utotoni: kwangu ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, bila kusita. Adili, liwali (mtawala) wa mji wa Janibu, anawachapa manyani wawili kila usiku, tena mwenyewe anaumia moyoni. Ukifika hapo utalalaje? Kumbe manyani ndio nduguze, Hasidi na Mwivu (majina tu yalishawachongea mapema!). Ila kilichonitisha zaidi ni ule mji uliogeuka mawe, watu na vyote vilivyomo.

Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Mwingereza Rider Haggard iliyotafsiriwa, nayo niliipenda kwa ule msako wa almasi, ingawa leo inavyowachora Waafrika inaniudhi. Mtoto wa miaka 10 hivi mpe Adili kwanza.