Maneno anayo, mbona hachezi na wenzake?

SWALI: Mwanangu ana miaka mitano, ana usonji. Anahesabu hadi 100, anataja rangi zote na kuimba matangazo ya redio neno kwa neno. Lakini akiwa na kiu ananivuta mkono hadi kwenye ndoo, hasemi. Wenzake wakicheza uani anakaa pembeni. Mwalimu wa chekechea anasema tumwongezee maneno, marafiki watakuja wenyewe. Pia tumeshauriwa bibi yake aache kumwongelesha Kichaga. Ni sahihi? – Mama, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, mwalimu ameshika nusu ya ukweli. Mtoto mwenye usonji anayeelewa lugha vizuri kwa kawaida hupata njia nyingi zaidi za kuingia kwenye mchezo. Ila wapo wenye msamiati mpana na sarufi safi ambao bado hawajui wamwanze vipi mwenzao. Ndiyo maana mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM-5 wa 2013, hauhesabu kuchelewa kuongea kuwa kigezo cha usonji. Unaangalia namna mtoto anavyowasiliana na watu, na hali ya lugha yake huandikwa kando.

Kwa hiyo usihesabu maneno, chunguza yanafanya kazi gani. Kaa naye nusu saa akicheza, kwa siku tatu tofauti. Kila anapowasiliana, iwe kwa neno, ishara au kuvuta mkono, andika ni kwa ajili gani: kuomba, kukataa, kuita mtu, kuuliza, kukuonyesha kitu. Kuhesabu na kuimba peke yake viandike safu ya pembeni. Mara nyingi safu ya kuomba hujaa na ya kuonyesha hubaki tupu, na hiyo tupu ndiyo ya kuanza nayo. Watoto wengi huanza kunyoosha kidole wakuonyeshe ndege karibu na mwaka wa kwanza, si kwa kuwa wanamtaka ndege bali ili mumtazame pamoja. Mwaka 1990 watafiti Peter Mundy, Marian Sigman na Connie Kasari walionyesha kuwa uwezo huo wa kutazama pamoja ulitabiri maendeleo ya lugha ya watoto wenye usonji. Yaani kuhusiana na watu nako huzaa lugha.

Basi keti chini, uso wako usawa na wake. Fuata anachokitazama yeye, usimvute kwenye chako. Sema maneno mawili matatu, "Gari linakwenda!", kisha nyamaza uhesabu kumi kimoyomoyo. Wazazi wengi hukwama hapo: kimya kinawatisha, wanaanza "Hii nini? Rangi gani?" Mtoto anajibu mtihani, mazungumzo hayapo.

Kuhusu maji, anapokuvuta mkono sema "Nataka maji", kisha mpe papo hapo. Usimnyime mpaka aseme. Ukimuuliza "Unataka maji?" atakurudishia hivyo hivyo, "Unataka maji", kwa sababu anakariri sentensi nzima. Salamu nazo huharibika kwa njia hiyo: ukimwambia "Sema shikamoo", anasema "Sema shikamoo". Mtu mwingine akae nyuma yake amnong'oneze "Shikamoo" tu.

Matangazo usiyakemee. Angalia anayaimba wakati gani. Kama la juisi hutokea kila akiona friji, huenda ndivyo anavyoomba. Mpe neno fupi, "Nataka juisi", na umhudumie.

Uani anza na mtoto mmoja, dakika kumi, mchezo ambao zamu zinaonekana kwa macho: kupokezana mpira, au kudumbukiza vizibo kwenye kopo. Mfundishe na huyo mwenzake: aje mbele yake, amwite jina, asubiri. Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili, na kumbebesha mtoto mmoja kazi yote naona si haki. Kumlazimisha akutazame machoni pia acha. Kwa wengi ni mzigo unaowapotezea usikivu.

Bibi aendelee na Kichaga chake. Tafiti hazijaonyesha kuwa lugha mbili huwadhuru watoto wenye usonji, na kumnyamazisha bibi ni kumpunguzia mtoto mtu wa kuongea naye. Kadi za picha za kuombea vitu nazo hazizuii usemi, zitumieni bila hofu.

Kama hajapimwa usikivu, mpelekeni hata kama anaimba vizuri. Hospitali ya KCMC hapo Moshi kuna idara ya masikio, pua na koo. Kisha pimeni uelewa nyumbani. Mwambie "Mpe dada kijiko" bila kunyoosha kidole wala kutupia kijiko jicho. Baadhi ya watoto hawa huongea zaidi ya wanavyoelewa, na watu hudhani ni wakaidi. Akishindwa, mwambie mwalimu ampe agizo moja kwa wakati, la maneno machache, huku akimwonyesha kitu chenyewe.