Dumbo (1941): walipobana na walipomwaga

Mkuu, umeuliza imekuwaje Dumbo, filamu ya katuni ya Disney ya bei nafuu kuhusu mtoto wa ndovu mwenye masikio makubwa, ikapendeza hivyo, na wewe unayetaka kuchora katuni fupi ya mnyama anayetengwa uchukue nini humo. Kwa kifupi, walibana gharama pale jicho lisipokaa.

Pinocchio, katuni yao nyingine ya 1940, ilikula zaidi ya dola milioni 2, halafu vita vikafunga soko la Ulaya. Dumbo ikatoka Oktoba 1941, dakika 64 tu, kwa chini ya milioni 1. Mandhari yake ni ya rangi za maji. Ubaya wa rangi hizi hazisahihishiki: ukitanguliza giza, mwanga haurudi, unachana karatasi unaanza upya. Tanguliza rangi hafifu, ikauke, ndipo uongeze.

Tazama wachekeshaji wa sarakasi wakibadili nguo: unaona vivuli tu kwenye turubai la hema. Kivuli hakina macho, vifungo wala rangi za kupaka ndani. Ndovu wa rangi ya waridi, wale Dumbo anaowaona akiwa amelewa, nao muda mwingi wanacheza kwenye weusi mtupu. Ila vibarua wanaosimamisha hema usiku usiwaige: ni watu weusi wasiochorewa sura, na wimbo wao unawadhalilisha.

Kazi iliyookolewa huko ikamwagwa kwa Dumbo mwenyewe, na Bill Tytla, mchoraji katuni wa Disney, alimchora akimchunguza mwanawe mdogo. Dumbo hasemi neno, kwa hiyo huoanishi midomo na sauti, lakini kila hisia itabebwa na macho, masikio na mkonga. Mama akiwa amefungiwa kwenye behewa, anamfikia mtoto kwa mkonga tu, kupitia nondo. Mkonga unapapasa kwanza, ndipo unamgusa. Huko kupapasa ndiko kunakoliza watu! Ukiupeleka moja kwa moja kwa mtoto, umeua tukio.

Hesabu yako sasa: fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, mchoro mmoja ukae fremu 2, maana yake michoro 12 kwa sekunde. Tukio la sekunde 30 ni michoro 360 kwa mhusika mmoja, kwa hiyo usijaze wahusika. Na masikio makubwa yachelewe: kichwa kikishageuka, ncha zifuate michoro 2 au 3 baadaye, zipitilize kidogo, ndipo zitulie. Yakigeuka sambamba na kichwa yanaonekana ya boksi.