Faili za ofisi kwenda wingu: jibu kwa mkuu wa Kariakoo

Mkuu, kwa waliochelewa kuingia: ofisi yako ya Kariakoo ina watu 14, mnaagiza bidhaa China, faili zote zipo kwenye kompyuta moja iliyogeuzwa seva, na bosi anataka kila kitu kiende wingu, yaani kwenye seva za kampuni kubwa mnazozifikia kwa intaneti, mwezi huu huu. Unauliza ukubali au umzuie. Mimi natunza kompyuta za wakala wa forodha pale Posta na za ofisi nyingine ndogo ndogo hapa mjini. Baadhi nimezihamisha, nyingine nimeziacha zilipo makusudi, na sababu nakupa.

Bei huwa siiulizi kwanza. Namuuliza mwenye ofisi: intaneti ikikata saa tatu asubuhi na isirudi mpaka kesho, ni karatasi zipi msipozishika kazi inalala? Kwa wakala wa forodha jibu halina mjadala: bili ya shehena, ankara na kibali cha kutolea mzigo, tena vya makontena yaliyopo bandarini sasa hivi. Za mwaka jana zinaweza kusubiri wiki nzima bila mtu kugundua. Kontena likipitisha siku za bure, tozo inaanza kuhesabu, na mteja hana muda wa kusikiliza habari za mkongo wa baharini, ule waya wa chini ya bahari unaotuletea intaneti.

Na habari hizo si za kubuni. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Anayekwambia wingu halishuki anazungumzia seva zake kule ziliko. Wewe unaishi upande huu wa waya.

Ile Mei pale kwa wakala niliona kitu ambacho hadi leo naanza nacho kila ninapoelekeza watu. Karani wa forodha alifungua folda ya mizigo ya sasa, akachapa bili, akaikunja kwenye bahasha, boda akaondoka nayo. Chumba cha pili meneja amekodolea macho kiduara kinachozunguka. Akaunti za kampuni moja, programu ile ile ya OneDrive, yaani wingu la Microsoft. Tofauti ilikuwa kwenye alama ndogo pembeni ya jina la faili. Za karani zilikuwa na vema ya kijani, maana yake faili lenyewe limo ndani ya kompyuta. Za meneja zilikuwa na alama ya wingu, yaani alichokuwa nacho ni majina tu, faili zenyewe ziko ng'ambo. Programu hizi hupenda kufanya hivyo ili kuokoa nafasi kwenye diski, na mtu anakaa miezi bila kujua. Google Drive nayo ina mpangilio wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo folda za kazi inayoendelea unazibofya na kuamuru zibaki kwenye kompyuta daima. Ni kazi ya dakika moja, na wauzaji wa huduma hizi huwa hawakuambii.

Sasa kasi. Watu wanalipia faiba wakitazama kasi ya kupakua, ile ya kutazama video. Kuhamia wingu kunategemea kasi ya kupakia, na kwenye vifurushi vingi hiyo ni ndogo zaidi. Piga hesabu: kama mna GB 400, na laini yenu inapakia megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, ni takriban saa 89, usiku na mchana. Kwa megabiti 5 unazidisha mara mbili. Halafu weka umeme kukatika na wenzako wanaolalamika kwamba simu za video zinakwama kwa sababu yako. OneDrive inakuruhusu kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Mchana ibane, usiku iachie. Na kabla ya kupandisha hizo GB 400 zichambue. Nimekuta folda za harusi, filamu, na ankara moja yenye matoleo saba, la mwisho likiitwa "FINAL MPYA YENYEWE". Hapo bado hatujagusa WhatsApp, ambako ndiko nusu ya nyaraka za ofisi za Dar zinakoishi kwa kweli. Zile picha za ankara kutoka kwa wasambazaji zikibaki kwenye simu ya mtu wa manunuzi, umehamisha seva lakini hujahamisha ofisi.

Kuna vitu nisingevihamisha kabisa. Data za programu za uhasibu kama Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta usiziweke zikafanye kazi ndani ya folda inayosawazishwa, yaani ile ambayo kila badiliko linapanda wingu lenyewe na kushuka kwa wengine. Programu inaandika humo kila sekunde huku kisawazishaji nacho kinavuta, na mwisho data zinaharibika. Ziache zilipo, tengeneza bakapu (nakala ya akiba) ya Tally jioni kazi ikiisha, hiyo bakapu ndiyo ipande juu. Vivyo hivyo ofisi moja ya wasanifu majengo Mikocheni ninayoisaidia: michoro mizito, watu wawili watatu juu ya mradi mmoja. Hao nimewaachia kiboksi cha diski pale pale ofisini, diski mbili zinazoandika kitu kile kile, na usiku nakala inapanda. Walishaambiwa na mtu wa mauzo kwamba wamepitwa na wakati. Wanafanya kazi vizuri tu.

Ila usinielewe kwamba natetea hiyo kompyuta yako ya chini ya meza. Naifahamu bila kuiona: vumbi kwenye feni, karatasi yenye maneno USIZIME kwa makapeni, na siku moja dada wa usafi anachomoa waya achaji simu. Na hata ungeinunulia UPS nzuri, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, bado iko jengo moja na diski ya nje unayowekea bakapu. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Novemba 2024 ghorofa likaporomoka hapo hapo Kariakoo. Kama nakala zako zote ziko ndani ya kuta zile zile, una nakala moja tu. Kwa hoja hii peke yake bosi wako yuko sahihi, faili lazima zitoke nje ya jengo.

Lakini kusawazisha si bakapu. Mtu akifuta folda kwenye laptopu yake, inafutika kwa wote. Virusi vya kufunga faili na kudai fedha vikiingia kwenye mashine moja, faili zilizoharibiwa zinapanda juu kwa utiifu kabisa. Google Drive inashika vilivyofutwa siku 30, OneDrive ya biashara siku 93, baada ya hapo kwaheri. Fikiria mtu kafuta kwa bahati mbaya ankara za 2022 mwezi Januari, na mkaguzi anakuja Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka mtunze kumbukumbu miaka 5, na risiti za EFD kama ujuavyo zinafifia zikabaki karatasi nyeupe, kwa hiyo hizo skani ndizo ushahidi wenu. Nunua diski ya nje, nakili kila kitu mara moja kwa wiki, chomoa, mtu mwaminifu aende nayo nyumbani. Ikibaki imechomekwa haina maana.

Gharama nitapita haraka. Mnalipa kwa kila mtumiaji kila mwezi, kwa dola, na tangu Julai 2022 huduma hizi za kidijitali kutoka nje zinaingia kwenye VAT ya asilimia 18. Shilingi ikiyumba, bajeti inayumba. Si wote 14 wanaohitaji akaunti. Dereva na mtu wa stoo hawafungui faili.

Kinachoniuma zaidi ni umiliki wa akaunti. Kuna duka moja, silitaji, kijana wa kompyuta alifungua kila kitu kwa Gmail yake binafsi akalipia kwa kadi yake. Walipokosana mshahara akaondoka, na faili zikaondoka naye. Hakuiba, nywila ilikuwa yake! Sajilini anwani yenu ya intaneti ya .co.tz kwa jina la kampuni, akaunti kuu iwe chini ya anwani hiyo, wasimamizi wawe wawili, na kadi inayolipia iwe ya kampuni yenye mtu anayekumbuka lini inaisha muda. Namba za uthibitisho, zile zinazotumwa kwa meseji mtu akiingia kwenye akaunti, nazo zisiende kwenye laini ya bosi peke yake. Nyie mnasafiri Guangzhou: bosi akiwa hewani, ofisi nzima inasubiri meseji. Na kwa kuwa tumefika Guangzhou, kumbuka Google imefungiwa China. Kwa wi-fi ya hoteli Drive haifunguki, ndiyo maana kwa ofisi ya aina yenu ningeegemea OneDrive ya biashara, au bosi abebe faili za safari ndani ya laptopu.

Sheria. Kama mnatunza nakala za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya wafanyakazi, namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Ilianza kutumika Mei 2023, inataka mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Seva za karibu za kampuni hizi kubwa ziko Afrika Kusini, nyingine Ulaya, kwa hiyo ni nje tu. Waulizeni Tume au mwanasheria wenu kabla ya kupandisha folda ya rasilimali watu. Mkitaka zibaki nchini kuna kituo cha taifa cha data, NIDC, pale Kijitonyama, na vituo binafsi pia vipo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemwambia bosi: nyaraka za manunuzi, ankara na barua ziende wingu, folda za mizigo iliyo njiani zibaki na nakala kwenye kompyuta, Tally isiguswe ila bakapu yake, na folda ya wafanyakazi isubiri majibu ya Tume. Mwezi huu wote kwa pamoja, hapana. Anza na manunuzi peke yao waone. Wahasibu usiwaguse mpaka tarehe 20 ipite na ritani za VAT ziwe zimeenda, la sivyo watakuchukia bure. Ile seva izime kwa majaribio siku moja ukiwa umeshahamisha, usikilize nani analia; ndipo utajua kuna folda gani iliyosahaulika.

Tupia hapa jumla ya ukubwa wa faili zenu na matokeo ya kipimo cha kasi ya kupakia, upime mchana watu wakiwa kazini. Nitakupigia hesabu ya siku ngapi.