Kayaki Baharini: Maswali Yenu Kuhusu Kupinduka na Kuinuka

Mwalimu, shikamoo. Kayaki ikipinduka nakandamiza kafi kwa nguvu zote, natoka nusu, navuta pumzi moja, narudi chini. Kazi yangu ni kubeba mizigo, mikono ninayo. Kasoro iko wapi? (Kilifi)

Marahaba. Kasoro ni hiyo mikono. Wenye nguvu huchelewa kujua, maana hulikandamiza kafi likazama badala ya kulitandaza juu ya maji. Kinachosimamisha kayaki ni nyonga na goti. Bana paja kwenye ukingo wa ndani, vuta juu goti la upande wenye bapa, ile sehemu pana ya kafi, na chombo kitaanza kukaa sawa wewe ukiwa bado umelala majini. Kichwa kije mwisho kabisa. Lakini mtu akikosa hewa hutanguliza kichwa, kiuno kikapinda kinyume, na chombo kikamrudia.

Mwambie kocha asimame kwenye maji ya kifuani akupe mikono yake. Laza shavu juu ya mikono hiyo, kisha ipindue kayaki na kuirudisha kwa goti tu. Shavu lisinyanyuke mpaka chombo kitulie. Ukishika kafi, fuata bapa kwa macho linavyofagia. Hapo ndipo fedha ya kocha inapolipa: ukiwa kichwa chini huwezi kujua bapa limelala vipi, yeye analiona na kuligeuza papo hapo.

Naogopa kunasa ndani. Ni lazima nijifunze kupinduka? (Dada wa Tanga)

Dada, hofu hiyo ni ya akili timamu. Somo lako la kwanza liwe kutoka, si kuinuka. Kabla ya kuondoka ufukweni hakikisha kitanzi cha sketi (kile kifuniko unachovaa kiunoni kuziba tundu la kukalia maji yasiingie) kiko nje, si kimekunjwa ndani; kosa hili dogo ndilo la hatari kuliko yote. Ukipinduka, inama mbele, gonga ubavu wa kayaki mara tatu ili usipaparike, vuta kitanzi kuelekea mbele, sukuma nyonga kwa mikono. Kocha anayekuruka hatua hii, mwache.

Kayaki za hoteli hapa Nungwi zinafaa kujifunzia?

Zile za kukalia juu? Hapana, labda ziwe na mikanda ya mapaja. Bila kubanwa, chombo kinapinduka nawe unadondoka tu. Zitumie kujizoeza kupanda tena ukiwa majini: lala kifudifudi, piga miguu, jivute hadi tumbo likatize kayaki.

Kwenye bwawa la kuogelea naweza. Baharini wakati wa kusi nashindwa. (Mombasa)

Kwa sababu bwawani unapinduka ukiwa tayari, umeshavuta pumzi na kafi limekaa mahali pake. Mwambie kocha akupindue ghafla, kafi likiwa mkono mmoja, na ufanye pande zote mbili. Upande usioupenda ndio bahari itakaokuchagulia. Wimbi likikupindua karibu na ufukwe, inukia upande linakotoka. Maji yanayopita yatalibeba bapa lako. Ukijaribu upande wa pwani unashindana na wimbi. Na zoezi hili lisifanywe kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo linalopitisha maji, maji yakipwa wakati wa bamvua, hata kocha awe hodari vipi. Jaketi la kuokolea livaliwe siku zote.

Nani alibuni mchezo huu?

Haukuwa mchezo. Wawindaji wa Greenland waliwinda sili (wanyama wa bahari za baridi) kwa kayaki za ngozi katika maji yanayoua kwa baridi, hivyo kutoka chomboni ilikuwa karibu sawa na kufa. Wakawa na namna ya kuinuka hata kamba ikiwa imewazonga au kafi limepotea. Mwaka 1927 Edi Pawlata wa Austria alijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na mtindo wake unafundishwa hadi leo. Greenland bado wana mashindano yenye mitindo zaidi ya 30, mmojawapo wa kuinuka kwa mkono ulioshika jiwe badala ya kafi. Sisi wa maji ya vuguvugu tunaweza kukaa majini asubuhi nzima tukirudia goti moja.