Kabla hujapeleka faili la mwendelezaji wa majengo kwenye kamati ya mikopo, kahesabu taa za madirisha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja, afisa mikopo wa benki huko Dodoma. "Shikamoo dada. Nimeletewa faili la mteja anayetaka kujenga fleti 24. Kiwanja kina hati safi, dhamana inatosha kabisa, na wapangaji hawatakosekana kwa sababu serikali yote iko huku. Bosi anataka nilipeleke kwenye kamati Alhamisi. Niangalie nini?"

Niliusoma mara tatu. Maneno yale yale, ukiondoa Dodoma, niliyaandika mimi mwaka 2014 nikiwa afisa mikopo wa miaka 29, nimekaa ofisini Posta, Dar es Salaam, nikitamani cheo cha mkuu wa kitengo kama unavyokitamani wewe unayesoma hapa.

Mteja wangu alikuwa mtu wa heshima zake. Alikuwa na majengo mawili mjini, na wakubwa ofisini walimwita mzee. Alileta kiwanja cha Upanga, michoro, kibali cha ujenzi na mkandarasi aliyesajiliwa. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa limeanguka na kuua watu 36, kwa hiyo kila mjumbe wa kamati aliniuliza habari za zege, vipimo vya udongo na nani anasimamia. Nilijibu yote bila kufungua faili. Sehemu ile niliifanya vizuri, na mpaka leo najivunia: jengo lile limesimama imara. Hakuna aliyeuliza fleti 30 zitanunuliwa na nani. Nami nilikaa kimya, kwa sababu sikuwa na jibu.

Mradi ulikadiriwa shilingi bilioni 4.8. Benki itoe 3.2, mzee aweke 1.6. Hiyo 1.6 yake ilikuwa ni kiwanja chenyewe. Alikinunua kwa milioni 500 miaka miwili kabla, mthamini akakipa bilioni 1.6, nami nikaandika kwa mkono wangu kwamba mteja amechangia theluthi moja ya gharama. Hakuchangia theluthi. Alichangia milioni 500, zilizobaki zilikuwa wino. Tena baadaye niligundua kwamba hata katika hizo milioni 500 kulikuwa na deni la mtu binafsi ambalo haliwezi kuonekana kwenye taarifa za mikopo hata ukichungulia mara mia. Mtu ambaye hela yake haimo ndani ya jengo hakosi usingizi jengo likikwama. Ningelijua hilo siku ile, ningemwambia aweke fedha taslimu kwanza, ziishe kwenye msingi na nguzo, ndipo yetu ianze kutoka.

Fedha zilitoka kwa awamu. Vyeti vya kazi iliyofanyika vilisainiwa na mkadiriaji majenzi, yule anayepima kazi na kuitia bei, tena analipwa na mzee mwenyewe. Nilivipokea, nikavipitisha. Kabla ya awamu ya tatu nilikwenda saiti siku ya Jumanne bila kumwambia mtu. Nilikuta nondo zimeshika kutu, vibarua wanne na mlinzi anayekunywa chai. Nilisimama pale juani, mikono inatetemeka. Fedha za awamu ya pili zilikuwa zimenunua kiwanja Kigamboni, wakati ule ambapo watu wanakimbilia kule kwa ajili ya daraja linalojengwa.

Sitawachosha na miezi iliyofuata ya barua na vikao. Jengo lilichelewa miezi 14. Riba ilikuwa asilimia 17, maana yake milioni 544 kwa mwaka, na kwa miezi 14 ni kama milioni 635. Fleti moja ilipangwa kuuzwa milioni 180. Kwa hiyo kuchelewa peke yake kulikula fleti tatu na nusu kabla hata rangi haijapakwa. Ndugu zangu, hesabu hii ni ya dakika mbili. Fanyeni kabla hamjasaini: mradi ukichelewa mwaka mzima na bei ikashuka kwa asilimia 20, deni bado linalipika? Kama halilipiki, hati safi haitakusaidia kitu.

Halafu ikaja Julai 2016. Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Kwenye faili niliandika kwamba wanunuzi watazipangisha fleti zao kwa watumishi wakubwa na watu wa mashirika. Kodi za Dar es Salaam zikaanza kulegea. Kati ya fleti 30 tukauza saba.

Hapa ndipo naona wengi bado tunajidanganya. Mwendelezaji anasema atauza ndani ya miezi 18, tunaandika miezi 18. Mnunuzi atatoa wapi milioni 180? TMRC, kampuni ya kuwezesha mikopo ya nyumba, ilianzishwa 2010 ili mabenki yapate fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, na imesaidia, lakini wenye mikopo ya nyumba nchi nzima bado ni maelfu machache, katika nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61 kwenye sensa ya 2022. Watanzania wengi wananunua kiwanja, wanafyatua tofali, wanajenga polepole. Anayenunua fleti kwa mkupuo ni mtu adimu, na kila mwendelezaji anamsubiri yeye yule.

Siku 90 zikapita bila rejesho, mkopo ukawa chechefu. Benki Kuu (BoT) inataka mikopo ya aina hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki, kwa hiyo makao makuu walianza kunipigia simu kila asubuhi. Tukaenda kwenye mnada. Akatokea mke wa pili wa mzee, ambaye kwenye faili langu hakuwepo, na sheria ya ardhi inadai ridhaa ya mwenza kabla ya kuweka rehani. Mahakama ikatoa zuio. Barua ya onyo ilikuja kwangu. Mkubwa wa ofisini aliyenipigia saa mbili usiku akaniambia "malizia faili la mzee, usimsumbue" hakupata barua yoyote, alipata uhamisho na gari. Bado inaniuma. Ukiambiwa usimsumbue mteja, andika jina la aliyekuambia, saa na tarehe, uweke kwenye faili. Na umsumbue mteja. Nenda saiti. Nenda tena.

Nilimjibu yule kijana. Marahaba, mdogo wangu. Uliza fedha taslimu za mteja ziko wapi. Mkadiriaji awe wa benki, hata kama gharama analipa mteja. Kutana na mke, au wake. Kama kodi zimepangwa kwa dola zifute, kanuni za 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni. Na usiniambie serikali iko huko, nieleze mshahara gani utalipa kodi ile wakati Shirika la Nyumba (NHC) nao wamejenga nyumba Iyumbu, huko huko Dodoma. Faili lisiende Alhamisi. Kwanza zunguka mitaa ya jirani na kiwanja saa mbili usiku, hesabu madirisha yenye taa kwenye fleti zilizokwisha kujengwa, kisha muulize mlinzi ni mita ngapi za LUKU zinawekwa umeme kila mwezi.

Juzi amenitumia picha tatu. Jengo la ghorofa nne, fleti 16, lina mwaka mmoja na nusu tangu likamilike. Taa zinawaka kwenye fleti tano. Nimemwambia arudi Jumapili usiku, watu wakiwa wametoka safari, ahesabu upya.