Maswali Yenu kwa Daktari wa Mifugo: Farasi amedungwa dawa ya kutuliza, mbona bado anapiga teke?

SWALI: Daktari, tuna farasi dume wa kilo 450. Fundi wa kwato akija ni vita. Juzi alipoanza kurukaruka tulimdunga asepromazini msulini. Dakika kumi zikapita, bado anahangaika, tukamwongeza. Kichwa kikashuka, kazi ikaanza, lakini kwenye msumari wa pili fundi akala teke. Je, dozi ilikuwa ndogo? Tutumie zailazini, dawa nyingine ya kutuliza, ile ya ng'ombe iliyopo hapa?
Msomaji, Limuru

JIBU: Mpeni fundi pole. Dozi haikuwa tatizo. Asepromazini msulini huchukua dakika 20 hadi 40. Mliporudia, sindano ya kwanza ilikuwa haijaanza kazi. Pia mlimdunga akiwa ameshapandisha mori, na adrenalini ikishajaa mwilini dawa hizi hushindwa. Hata ikishika, haiondoi maumivu hata chembe.

Kwa dume kuna hatari kubwa zaidi. Dawa hii hushusha uume, na mara chache hugoma kurudi ndani, ukavimba na kuumia, dume akaharibika asipande tena. Ukiona bado unaning'inia ilhali farasi ameshazinduka, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Zailazini humfaa zaidi, ila iacheni hiyo chupa ya ng'ombe. Kwa kawaida ya ng'ombe ni asilimia 2, yaani miligramu 20 kwa mililita. Ya farasi ni asilimia 10, miligramu 100. Kwa kipimo cha miligramu 0.5 kwa kilo, farasi wenu anahitaji miligramu 225: mililita 2.25 za chupa ya farasi, zaidi ya 11 za hiyo yenu. Chupa zikichanganywa na ng'ombe akapewa kipimo cha farasi, mnaweza kumpoteza, maana dawa hii humlemea ng'ombe takriban mara kumi zaidi.

Farasi adungwe na daktari, mshipani, theluthi ya juu ya shingo. Huko chini ateri inayopeleka damu kichwani imekaribiana mno na mshipa; dawa ikiingia kwenye ateri hiyo hukimbilia ubongoni, na farasi huanguka kwa degedege sindano ikiwa bado mkononi. Kwa kazi ya miguu mwombeni aongeze butofanoli, dawa ya maumivu, kwa sababu aliyepewa zailazini peke yake huonekana amesinzia, kumbe mguso wa ghafla humrushia mguu wa nyuma, tena kwa shabaha.

Adungwe kabla fundi hajatoa nyundo. Kisha mwacheni kimya dakika tano: hakuna mazungumzo, hakuna kumshika. Tazameni mdomo wa chini ukining'inia, masikio yakilegea kando, pua ikishuka kuelekea magotini. Hapo fundi aanzie begani, mkono usiachane na mwili mpaka ufike kwenye kwato. Mna kama nusu saa. Akianza kukoroma, pua zimevimba kwa kichwa kukaa chini mno, kiinueni kiegemezwe.

Ondoeni nyasi zote bandani mpaka azinduke kabisa, saa moja au mbili, maana koo lililolegea hukwamisha chakula. Na kama yuko kwenye sindano za antibiotiki za salfa na trimethoprimu, daktari ajue mapema: zikipigwa mshipani pamoja na detomidini, dada yake zailazini, moyo unaweza kusimama.