Hosta kubwa ya buluu: tunza nta kwanza

Wanaoanza kupanda hosta, mmea wa bustani wa kivulini unaopendwa kwa majani yake, huuliza sana: niweke mbolea gani majani yazidi kuwa ya buluu? Hakuna mbolea hiyo. Jani lenyewe ni la kijani, na ubuluu ni utando mwembamba wa nta juu yake. Ukitaka kuhakikisha, lipangushe kwa kidole, ila chagua jani la chini kabisa, maana alama itabaki msimu mzima.

Ukishajua hilo, mengi yanajieleza. Jua la asubuhi halina neno, la mchana huharibu nta. Mwagilia shinani, usirushie majani maji. Usiipande panapochuruzika maji ya paa. Dawa za wadudu zenye sabuni au mafuta ziepuke, kwani nazo huondoa nta. Hata ukifanya yote haya, kiangazi kikielekea mwisho majani yatakuwa kijani zaidi. Ndivyo ilivyo, usihangaike.

Kivuli nacho kina aina. Chini ya mti wenye mizizi ya juujuu hosta hudumaa kwa kiu, hata udongo ukionekana mzuri. Sogea mbali kidogo na shina la mti, chimba shimo pana kuliko kina, changanya mboji ya kutosha, kisha tandaza matandazo bila kuyarundika penye machipukizi.

Aina kama ‘Elegans’ hufikia upana wa zaidi ya mita 1, lakini huchukua kama miaka 5 hivi. Mche wake mdogo una majani laini yasiyo na mikunjo, mpaka unadhani umeuziwa kitu kingine. Iachie nafasi, na usiigawe mapema. Kila ukiigawa unairudisha nyuma.

Kabla ya kununua, fikiria hali ya hewa yako. Hosta hulala wakati wa baridi, na bila wiki kadhaa za baridi kali hudhoofika mwaka hadi mwaka. Kagua pia majani: rangi iliyovuja kandokando ya mishipa, kama wino kwenye karatasi mbovu, yaweza kuwa dalili ya virusi vya hosta X. Havina tiba na husambaa kwa utomvu unaobaki kwenye kisu, hivyo mmea wenye virusi hivyo hung'olewa na kutupwa, na kisu husafishwa kabla ya kugusa mwingine.

Koa na konokono hawapendi sana majani haya mazito. Machipukizi ndiyo huwavutia, kwa hiyo anza kuwawinda usiku mara tu ncha zinapochomoza ardhini.